Risasi za kalibre 12 kwa simu: mtego unaomngoja mwindaji wa Bengamisa

Bengamisa iko karibu kilomita 50 kutoka Kisangani, kwenye barabara inayoelekea Banalia na Buta. Huko bunduki ya kuwinda si jambo la kushangaza. Mboloko, nungunungu na nguruwe pori ni chakula cha nyumbani, na sehemu ya nyama ya pori inayouzwa katika masoko ya Kisangani hutoka kwenye misitu iliyo kando ya barabara kama hiyo. Anayewinda kwa bunduki hununua bunduki mara moja, lakini risasi hununua kila mara. Kila risasi inayopigwa bila kuangusha mnyama ni hasara yake mwenyewe. Kwa hiyo tangazo kwenye simu linaloahidi kalibre 12 kwa nusu ya bei, pamoja na kuletewa hadi nyumbani, linaweza kumvuta hata mtu mwangalifu.

Ushauri ambao watu hupewa kwa kawaida ni kuchunguza kama duka la mtandaoni ni la kweli au la uongo. Kwa viatu, nguo au simu, ushauri huo unafaa. Kwa risasi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hautoshi. Muuzaji anayesema atampelekea mtu wa Bengamisa risasi kwa kulipwa tu kupitia simu, bila kibali wala karatasi yoyote, anaahidi jambo ambalo sheria hairuhusu. Ama ni mwizi wa pesa, ama ni mfanya magendo. Na mwizi ana sababu nzuri ya kuchagua bidhaa hii kuliko nyingine: aliyeibiwa ataogopa kwenda kulalamika.

Njia tatu, zote zimefungwa

Njia ya kwanza ni sheria. Silaha na risasi nchini Kongo bado zinaongozwa na amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ya wakati wa Zaire. Kumiliki bunduki, kuingiza risasi kutoka nje na kuzifanyia biashara ni mambo yanayohitaji kibali cha serikali. Uwindaji nao una sheria yake, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayodai mwindaji awe na ruhusa. Sheria hiyo inaitambua hata ruhusa ya uwindaji ya vijijini, iliyowekwa kwa ajili ya wakaaji wa mashamba na misitu. Maana yake ni kwamba muuzaji halali hawezi kukosa kuuliza karatasi. Duka ambalo swali lake la kwanza ni "utalipa lini?" badala ya "una kibali?" limejitambulisha lenyewe.

Njia ya pili ni usafiri. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari, risasi ziko kwenye daraja la 1, lile la vilipuzi. Haziwekwi katika bahasha ya posta wala katika kifurushi cha kawaida. Ndege inaweza kuzibeba, lakini kwa kutangazwa, kufungashwa kwa namna iliyopangwa na kukubaliwa na kampuni ya ndege. Kwa mtu wa Tshopo, hesabu ni rahisi. Mzigo kutoka Kinshasa hufika Kisangani ama kwa ndege, kupitia uwanja wa Bangboka wenye ukaguzi, ama kwa mto, safari ya karibu kilomita 1,700 ambayo huchukua majuma. Anayesema risasi zitatoka Ulaya au Marekani na kufika Bengamisa baada ya siku tatu, "kwa siri na bila ukaguzi", hana njia ya kuzipitisha.

Njia ya tatu ni mitandao yenyewe. Facebook ilikataza watu binafsi kuuziana silaha mnamo Januari 2016, na masharti ya Meta yanagusa risasi pia. WhatsApp hairuhusu biashara kuuza silaha na risasi kupitia huduma yake. Google haipokei matangazo ya kulipia ya risasi. PayPal hairuhusu mfumo wake utumike kununulia bunduki wala risasi. Kwa hiyo tangazo la kalibre 12 linapotokea kwenye kundi la Facebook au hali ya WhatsApp, tayari limevunja masharti ya mahali lilipowekwa. Limebaki kwa sababu halijaonekana, na wala si kwa sababu limekubaliwa.

Mtu akiziweka njia hizo tatu pamoja, hahitaji tena kuchunguza rangi ya ukurasa au idadi ya wafuasi wake. Jibu amekwisha kulipata.

Mtindo uliokua wakati wa uhaba

Udanganyifu huu ulionekana wazi zaidi Marekani, nchi ambayo kuuza risasi kwa intaneti kunaruhusiwa katika majimbo mengi. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Wamarekani walikimbilia kununua bunduki. Polisi ya upelelezi ya FBI ilifanya ukaguzi wa wanunuzi karibu milioni 39.7 mwaka huo, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia. Kampuni kongwe ya Remington iliomba ulinzi wa kufilisika mwezi Julai mwaka huohuo, na kiwanda chake cha risasi kikauzwa. Rafu za maduka zikabaki tupu.

Katika uhaba huo yakatokea maduka ya mtandaoni yaliyokuwa na kila kitu. Risasi ambazo hazikupatikana popote, wao walikuwa nazo, tena kwa bei ya zamani. Kurasa zao zilikuwa nzuri, na picha pamoja na maelezo vilichukuliwa kutoka maduka ya kweli. Anwani ilikuwa ya jengo lililopo kweli, ila wenye jengo hawakujua habari. Tofauti ilionekana kwenye kulipa. Kadi ya benki ilikuwa "haifanyi kazi kwa sasa", na mnunuzi aliombwa atume kwa bitcoin au kwa huduma za kutumiana pesa ambazo hazirudishi.

Hasara ya udanganyifu kwa ujumla si ndogo. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipokea taarifa za hasara ya zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023, na dola bilioni 12.5 mwaka 2024. Hizo ni hasara za kila aina ya udanganyifu, lakini matatizo ya kununua mtandaoni yalikuwa katika nafasi ya pili kati ya malalamiko yaliyotolewa zaidi miaka yote miwili.

Somo la Marekani kwa Tshopo linahusu uhaba. Duka la uongo hufuata mahali ambapo bidhaa ni adimu, mnunuzi ana haraka na njia halali ni ngumu. Hali hizo tatu ziko Bengamisa kila siku. Zaidi ya hapo, Marekani mnunuzi anaweza kusema hadharani kwamba alikuwa anatafuta risasi. Hapa Kongo, wengi hawawezi.

Malipo ya kwanza si ya mwisho

Mtego huu una hatua zinazofanana kutoka nchi hadi nchi. Tuseme mwindaji ameona tangazo na ameandika. Anajibiwa upesi na kwa heshima, huku akiitwa papa au kaka. Anatumiwa picha za masanduku, pengine na video fupi. Kisha anaombwa nusu ya pesa kwanza, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kiasi hicho hakitishi, na nusu ya pili anaambiwa atalipa akipokea.

Baada ya kulipa, anatokea mtu wa pili. Huyu anajiita kampuni ya usafirishaji. Anatuma namba ya kufuatilia mzigo na ukurasa unaoonyesha kwamba kifurushi kiko njiani. Siku inayofuata, mzigo "umezuiwa". Inatakiwa pesa ya bima, halafu ya forodha, halafu ya sanduku maalum. Kila malipo huelezwa kuwa ya mwisho na mengine huelezwa kuwa yatarudishwa. Mnunuzi anaendelea kulipa kwa sababu anahofia kupoteza alichokwisha kutoa.

Hatua hii ya msafirishaji wa uongo inajulikana vizuri katika udanganyifu wa kuuza mbwa mtandaoni. Mnamo Desemba 2020, waendesha mashtaka wa Pennsylvania, Marekani, walimfungulia mashtaka raia wa Kameruni aliyekuwa Romania, wakidai kwamba wanunuzi wa watoto wa mbwa walilipishwa mnyama asiyekuwepo, kisha wakalipishwa tena na kampuni ya usafiri isiyokuwepo. Bidhaa hubadilika, mpango hubaki uleule.

Kwa risasi kuna hatua ya tatu, nayo ni mbaya zaidi. Mnunuzi anapogoma kulipa, anapigiwa na anayejiita polisi, askari wa forodha au ofisa wa usalama. Anaambiwa kwamba mzigo wake umekamatwa na jina lake limeandikwa. Atoe kitu "faili ifungwe". Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, imeonya kwa zaidi ya miaka 10 juu ya watu wanaojifanya maofisa wake na kuwatisha walionunua dawa kwa intaneti. Waathirika walikuwa wepesi kuamini kwa sababu walijua kwamba ununuzi wao haukuwa safi. Mnunuzi wa risasi asiye na kibali yuko katika hali hiyohiyo, na kosa lenyewe ni zito zaidi.

Hatari inaongezeka kama alituma picha ya kadi ya uchaguzi, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho pekee. Jina, tarehe ya kuzaliwa, uso na anwani viko kwenye karatasi hiyo moja. Mtu mwingine anaweza kuitumia kuandikisha laini ya simu, na laini hiyo ikatumiwa kumwibia mtu wa tatu.

Alama za kuangalia kwa vifaa vingine

Si kila anachohitaji mwindaji ni risasi. Tochi ya kichwani, buti, koti la mvua, mfuko wa bunduki, mafuta ya kusafishia chuma na darubini ni vitu vya kawaida vinavyouzwa mtandaoni bila shida ya kisheria. Hapo ndipo uchunguzi wa duka una maana, na haudai elimu kubwa.

Kwanza, umri wa ukurasa. Duka linalodai kufanya kazi kwa miaka 15 haliwezi kuwa na anwani ya intaneti iliyoandikishwa mwezi uliopita. Shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti duniani, lina huduma ya bure ya kutafuta tarehe jina lilipoandikishwa, kwenye lookup.icann.org. Kwa ukurasa wa Facebook, sehemu ya uwazi wa ukurasa huonyesha ulianzishwa lini na kama ulibadilishwa jina. Ukurasa uliokuwa wa nyimbo za injili na sasa unauza vifaa vya kuwinda unapaswa kumshtua mtu.

Pili, picha. Programu ya Google Lens iko kwenye simu nyingi za Android. Ukiipa picha ya bidhaa, inatafuta mahali pengine ilipotokea. Picha ileile ikionekana katika maduka matano ya nchi tano, muuzaji hana bidhaa mkononi. Njia nyepesi zaidi ni kumwomba apige picha mpya ya bidhaa hiyo pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye mali hufanya hivyo kwa dakika mbili.

Tatu, karatasi za biashara. Kongo iko katika OHADA tangu Septemba 2012, na biashara iliyoandikishwa ina namba ya RCCM, ambayo huanza na herufi CD, pamoja na namba ya kodi. Amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayojulikana kama Kodi ya Dijitali, inagusa biashara ya mtandaoni na makosa ya kimtandao. Muuzaji anayekasirika akiulizwa RCCM, au anayejibu kwa kutuma sala na baraka, si wa kuaminiwa.

Nne, namna ya kulipa. Namba ya mfanyabiashara yenye jina la duka si sawa na namba ya mtu binafsi. Kabla ya kuthibitisha, simu huonyesha jina la anayepokea. Kama duka linaitwa jina moja na pesa inakwenda kwa mtu mwenye jina lingine, ni bora kusimama hapo. Kwa Bengamisa, njia salama imebaki ile ya zamani: kuwa na ndugu au rafiki Kisangani aende aone kitu, akishike, ndipo alipe.

Tano, alama ambayo watu huiamini bila sababu. Kufuli dogo linaloonekana kando ya anwani ya ukurasa lina maana kwamba mawasiliano yamefichwa yasisomwe na watu wa njiani. Halisemi lolote juu ya uaminifu wa mwenye ukurasa. Mwizi naye hupata kufuli hilo, tena bure.

Kimya na gharama yake

Mazingira ya Tshopo yanafanya suala la risasi kuwa zito kuliko hasara ya pesa. Tangu Februari 2023, mgogoro kati ya jamii za Mbole na Lengola, ulioanzia kwenye ugomvi wa ardhi upande wa Lubunga, umeua watu na kuwafukuza maelfu kutoka makwao. Bunduki za kuwinda na za kienyeji, zile zinazoitwa pupu, zimekuwa kati ya silaha zilizotumika. Katika hali hiyo, mtu anayekutwa akijadiliana na mgeni juu ya masanduku ya kalibre 12 hawezi kutegemea kwamba ataonekana kama mwindaji tu. Ujumbe wake kwenye simu unaweza kusomwa kwa maana nyingine kabisa.

Hofu hiyo ndiyo mtaji wa mwizi. Aliyeibiwa pesa ya buti atapiga kelele sokoni, atamwambia kaka, atawaonya wenzake kanisani. Aliyeibiwa pesa ya risasi atanyamaza, na namba ileile itaendelea kuvuna katika kijiji kinachofuata. Kwa hiyo idadi ya malalamiko polisi haiwezi kuwa kipimo cha ukubwa wa tatizo hili.

Hapa kuna swali kwa serikali pia. Kama ruhusa ya kuwinda na kibali cha bunduki vinahitaji safari za mara kwa mara hadi Kisangani, gharama zisizojulikana mwanzoni na kusubiri kusiko na mwisho, wawindaji wengi watabaki nje ya sheria hata wale ambao wangependa kuingia. Aliye nje ya sheria ni windo rahisi. Kusogeza huduma hiyo hadi makao ya teritwari na sekta, na kubandika wazi bei zake, kungepunguza wateja wa maduka ya uongo kuliko onyo lolote la redio. Kungesaidia pia kujua ni bunduki ngapi ziko mikononi mwa nani, jambo ambalo jimbo lenye mgogoro linalihitaji, na kuwakumbusha wawindaji ni wanyama gani hawaruhusiwi kuuawa chini ya sheria ya kulinda mazingira ya Februari 2014.

Kampuni za simu zina sehemu yao. Namba inayopokea pesa kutoka kwa watu wengi wasiofahamiana, kisha ikazitoa zote ndani ya saa moja, inaonekana kwenye mitambo yao kabla mwathirika hajajua kwamba ameibiwa.

Aliyekwisha kulipa afanye nini

Jambo la kwanza ni kuacha kulipa. Hakuna pesa ya forodha itakayotoa mzigo usiokuwepo. La pili ni kupiga simu mara moja kwa huduma ya wateja ya kampuni iliyotumika kutuma pesa na kuomba muamala uzuiwe. Dakika za kwanza ndizo zenye matumaini, kwa sababu pesa ikishatolewa kwenye kabine, haionekani tena.

La tatu ni kutunza ushahidi: ujumbe wote, namba, majina yaliyotokea wakati wa kutuma, na uthibitisho wa muamala. Wengi hufuta kwa aibu au kwa hofu, na hapo humsaidia mwizi. Udanganyifu wa kujipatia mali ni kosa chini ya kifungu cha 98 cha sheria ya jinai ya Kongo, hata kama aliyedanganywa naye ana maswali ya kujibu. Kwa sababu ya maswali hayo, aliyekuwa akitafuta risasi bila kibali afadhali azungumze kwanza na avoka au shirika la haki za binadamu linaloaminika kabla ya kwenda polisi.

La nne ni kukataa mtu atakayejitokeza baadaye akisema anaweza kurudisha pesa zilizopotea kwa malipo kidogo. Mara nyingi ni yule mwizi wa kwanza aliyebadilisha namba, au mwenzake aliyenunua orodha ya waliokwisha kudanganywa.

Na anayepigiwa na "ofisa" akidai pesa kwa simu, aulize jina, cheo na ofisi, kisha akate. Ofisi ya serikali humwita mtu kwa karatasi ya wito, na mtu huyo ana haki ya kwenda na avoka wake. Faini halali hulipwa kwa hazina ya serikali na hutolewa risiti. Haitumwi kwenye namba ya Airtel Money ya mtu binafsi saa tatu ya usiku.